Bega haliumi tena wiki ya 14 baada ya upasuaji: nitajuaje kwamba liko tayari kwa kazi ya golikipa?

Kipa wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkaazi wa Wete, na ni golikipa wa timu ya mtaani kwetu. Bega langu la kulia liliteguka mara ya kwanza nilipokuwa skuli, nilipoangukia mkono ulionyooka, na tangu hapo likawa linachomoka hata kwa jambo dogo: mara nilipokuwa narusha mpira, mara nilipojigeuza usingizini. Wiki 14 zilizopita nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam kwa njia ya matundu madogo, na barua niliyopewa inaeleza kwamba ukingo wa gegedu uliokuwa umebanduka mbele ya bega umeshonwa na kurudishwa kwenye mfupa. Nilivaa kitambaa cha kuning'inizia mkono kwa wiki 4, kisha nikaanza mazoezi niliyoelekezwa.

Sasa siumwi kabisa. Mkono naupandisha hadi juu ya kichwa, isipokuwa nikiuzungusha kuelekea nje bado unabana kuliko wa kushoto. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayenifuatilia yuko Unguja, na kwa sababu ya nauli ya boti na siku za kazi ninazozipoteza, nimeonana naye mara 3 tu.

Mwalimu wa timu anataka nidake mechi iliyo wiki 3 mbele, kwa kuwa kipa wetu wa pili amehama. Barazani wenzangu wananitajia Mohamed Salah, aliyeumia bega katika fainali ya Kyiv tarehe 26 Mei 2018 na kufikia tarehe 19 Juni akawa amefunga penalti dhidi ya Urusi. Wengine wananitajia Jude Bellingham, aliyepasuliwa bega Julai 2025 na kurudi uwanjani Septemba. Mimi nimeshapita muda wa wote wawili, nami sioni la kuwajibu. Nyumbani nako baba ananitegemea kwa msimu wa karafuu, na mikarafuu yetu ni mirefu.

Naomba anayejua anieleze: kama maumivu hayapo, ni kitu gani kitakachoniambia kwamba bega limepona kiasi cha kuweza kujirusha? Sitaki kupasuliwa mara ya pili, wala sitaki kuitupa timu kwa woga usio na sababu.

Mtaalamu wa mazoezi, Unguja

Wa alaykum salaam, kaka. Nafanya kazi hii hapa Unguja na mabega ya aina ya lako nimeyahudumia mengi, ya wachezaji na ya wapanda minazi. Sijalishika bega lako, kwa hiyo nitakayoyaandika yakusaidie kujua la kumuuliza daktari aliyekupasua, maana yeye ndiye aliyeuona mshono kwa macho yake.

Nianze na maumivu, kwa sababu ndiyo yanayowadanganya wengi. Kikombe cha bega ni kifupi sana. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu yake mfano wa chungwa juu ya kisahani cha kahawa, na ule ukingo wa gegedu ndio unaokiongezea kikombe kina na kuzishika kano za mbele. Kubanduka kwake kunaitwa kwa jina la Bankart, mpasuaji Mwingereza aliyekueleza mwaka 1923. Siku ya upasuaji, daktari anachokuachia ni nyuzi na vishikizo vinavyoushikilia ukingo mahali pake. Kuugandisha ukingo huo kwenye mfupa ni kazi ya mwili wako mwenyewe, nayo huchukua kiasi cha miezi 3 kabla ya kustahimili mazoezi mazito, kisha huendelea kukomaa kwa miezi mingine kadhaa. Maumivu hayaisubiri kazi hiyo imalizike. Bega lisilouma katika wiki ya 14 linatueleza kwamba uvimbe wa ndani umetulia, lakini halitwambii mshono utafanya nini siku mshambuliaji atakapougonga mkono wako ukiwa juu kwenye krosi. Ndiyo maana kwa michezo ya kugongana, na golikipa namhesabu humo kwa sababu kuanguka ndiyo kazi yake, madaktari wengi huweka muda wa miezi 5 hadi 6. Umri wako nao unahusika: vijana walio chini ya miaka 25 ndio ambao mabega yao huteguka tena zaidi kuliko watu wazima.

Kuhusu hao wanaotajwa barazani, Salah hakupasuliwa; bega lake lilitibiwa bila kisu, na kazi yake anaifanya kwa miguu. Bellingham alipasuliwa kweli, lakini ni mchezaji wa kati, hakuna anayemtaka ajitupe chini kwa bega lake mara 20 katika zoezi moja, tena ana wataalamu wanaompima kila siku. Wajibu hivyo, na waulize kama wanamjua golikipa aliyefanya vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Bega hupimwa, na mengi ya vipimo hivyo unaweza kuvifanya huko Wete. Tazama kwanza mwendo. Lala chali, bana kiwiko ubavuni kikiwa kimekunjwa, uache mkono uende nje wenyewe, kisha fanya hivyo kwa mkono wa kushoto na mtu akutazamie tofauti. Kubana kidogo upande huo ni jambo la kawaida baada ya mshono wa mbele, na hupungua kwa kunyoosha taratibu kila siku. Usikubali mtu akuvute kwa nguvu, kwa kuwa huo ndio upande unaoukaza mshono.

Nguvu ndiyo inayosahauliwa. Hospitali kubwa zina mashine ya kuipima, lakini mizani ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki inafanya kazi nzuri. Ifunge kwenye nguzo ya mlango usawa wa kiwiko, weka taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, shika kamba iliyofungwa kwenye ndoana ya mizani, kisha vuta kuelekea nje polepole mpaka mwisho wa nguvu zako huku mwenzako akisoma kilo. Rudia mara 3, uchukue wastani. Geuka upande wa pili, uvute kuelekea ndani kwa namna hiyo hiyo, kisha pima mkono wa kushoto. Mkono uliopasuliwa usipungue asilimia 90 ya mwenzake, yaani kushoto kukivuta kilo 10, kulia kusiwe chini ya 9. Kwako wewe unayetumia mkono wa kulia, ningependa ilingane kabisa, kwa sababu mkono wa kulia wa mtu wa kulia kwa kawaida ndio wenye nguvu zaidi. Ukisikia maumivu wakati wa kuvuta, acha hapo hapo. Andika kila kitu katika daftari pamoja na tarehe.

Ukishaweza kupiga pushapu za kawaida bila bega kutetemeka, kuna kipimo kingine kinachotumiwa sana kwa wanamichezo: bandika tepe mbili sakafuni zikiwa zimeachana sentimita 91, kaa katika mkao wa pushapu mkono mmoja juu ya kila tepe, kisha kwa sekunde 15 upeleke mkono mmoja ukaguse tepe ya mwenzake na kuurudisha, kwa zamu. Hesabu miguso. Kinachopimwa hapa ni bega linavyoubeba mwili wakati mkono wa pili uko hewani, na hilo liko karibu sana na kuinuka haraka baada ya kupangua mpira.

Kipimo cha mwisho usikifanye peke yako. Ni kuuweka mkono katika mkao wa mtu anayetaka kurusha jiwe, kiwiko usawa wa bega na kiganja kimerudi nyuma, na mtaalamu akausukuma taratibu. Huo ndio mkao unaolitoa bega. Anayehisi kwamba linataka kutoka, hata kama haliumi, hayuko tayari. Kwa ajili ya kipimo hiki tu, safari moja ya boti ina thamani yake.

Kama huna mipira maalumu ya mazoezi, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kwa urefu unatosha kwa kuvuta nje, kuvuta ndani na kupiga makasia, yaani kuvuta viwiko nyuma mpaka makombe ya mabega yakaribiane. Misuli inayoyashika makombe hayo isidharauliwe. Kombe likilegea, kikombe cha bega hukosa mahali pa kusimama.

Mchezaji wa mpira wa pete

Nakuombea shifaa, kaka yangu. Nataka nikuhadithie yaliyonipata, kwa sababu nilikuwa katika hali yako hasa.

Mimi nilirudi uwanjani wiki ya 15. Sikuwa na maumivu, mkono ulipanda, na nilipoulizwa nikasema niko mzima, na nilikuwa nasema nilichokiamini. Hakuna aliyenipima nguvu, wala mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kupimwa. Katika mechi ya pili niliruka kuuzuia mpira uliopigwa juu, mchezaji mwenzangu akanipitia kwa nyuma na mkono ukavutika. Nilisikia sauti kabla ya kusikia maumivu. Upasuaji wa pili haukuwa wa kushona tu, kwa kuwa mfupa wa mbele wa kikombe ulikuwa umeshalika. Ilibidi kipande cha mfupa kihamishwe kutoka kwenye ncha ya kombe la bega na kufungwa mbele kwa skrubu, njia ambayo daktari alinieleza kwamba ni ya Mfaransa Latarjet na imekuwa ikitumika tangu 1954. Nimekaa nje miezi 8 mara ya pili, na katika miezi hiyo nilikuwa nikizihesabu wiki chache nilizokuwa naziharakisha mara ya kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo hawakutangulii kukwambia. La kwanza ni kuchuliwa. Mama yangu, kwa mapenzi yake, alimwita bibi mmoja anichue bega kwa mafuta ya karafuu, na bibi huyo alikuwa na nia ya kuuvuta mkono ili "mishipa irudi mahali pake". Mafuta juu ya ngozi, kovu likishakauka, hayana ubaya mkubwa. Kuvutwa ndiko kubaya. Nilimshika mama mkono nikamwonyesha picha ya eksirei, nikamweleza kwamba ndani mna uzi unaoshikilia nyama kwenye mfupa, na kwamba akivuta mtu asiyeuona uzi huo anaweza kuukata. Alinyamaza, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba radhi bibi. Wazee wetu wakielezwa kwa upole huelewa. Tatizo ni kwamba sisi huwaficha.

La pili ni hofu. Baada ya upasuaji wa pili vipimo vyote vilikuwa vizuri, lakini nilipoingia uwanjani mkono wangu ulikuwa unakaa karibu na mwili bila mimi kuuamrisha. Nilikuwa naichelewa mipira ambayo zamani niliidaka nimefumba macho. Haikuondoka kwa kujikaza. Iliondoka kwa kurushiwa mpira mwepesi mara nyingi sana, na dada yangu, katika uwanja wa nyuma ya nyumba, kila siku juu zaidi na mbali zaidi, mpaka mkono ukasahau. Kwa golikipa nadhani ni muhimu zaidi, kwa sababu kipa anayesita huanguka vibaya.

Mvuvi wa Nungwi

Mimi ni mtu mzima wa miaka 52 na bega langu lilipasuliwa pia, lakini zilizoshonwa kwangu ni kano za juu zinazoinua mkono, zilizochanika kwa miaka mingi ya kutweka tanga na kuvuta nyavu. Nilivaa kitambaa wiki 6, nikakatazwa kuinua chochote kwa miezi 3, na kamba ya tanga nimeishika tena mwezi wa 9. Naandika haya ili wasomaji wengine wasichukue kalenda ya kijana huyu wakaipachika kwenye mabega yao. Upasuaji wa bega si mmoja. Kila mtu aombe barua yake, na aijue imeandika nini.

Kipa wa Wete

Nawashukuru sana. Nimefanya kipimo cha mizani jana kwa msaada wa muuza samaki wa jirani, ambaye alipendezwa na jambo hili kuliko nilivyotarajia. Kuvuta nje, kushoto wastani ni kilo 11, kulia ni kilo 7. Kuvuta ndani, kushoto ni 14 na kulia ni 12. Nimeshtuka, kwa sababu katika kazi za kawaida sioni tofauti yoyote. Ndoo ya maji naibeba kwa mkono wowote.

Dada, habari yako imenigusa. Nami nyumbani kumekuwa na mazungumzo ya kuchuliwa, na leo nitayamaliza kwa namna uliyoyamaliza wewe.

Nina swali jingine ambalo niliona haya kuliuliza hospitalini. Wiki za mwanzo nilisali nikiwa nimekaa kitini. Sasa nasali kwa kusimama na nasujudu kama kawaida, lakini wakati wa kuinuka kutoka sijda ndipo ninapolihisi bega. Je, naliharibu?

Mtaalamu wa mazoezi, Unguja

Kaka, hilo si swali la kuonea haya. Wagonjwa wangu wengi wanalo moyoni, na ingefaa sisi wataalamu tulianze wenyewe. Sijda yenyewe, viganja vikiwa karibu na mabega, haina uzito mkubwa, kwa kuwa magoti na paji la uso vinachukua sehemu yao. Mzigo uko katika kujisukuma wakati wa kuinuka. Kwa sasa inuka kwa nguvu ya mapaja, na ukihitaji msaada utegemee mkono wa kushoto. Kulihisi bega kama limechoka si tatizo. Ukilihisi linateleza, au ukiumwa usiku baada yake, rudi kitini na umweleze daktari. Upande wa hukumu ya ibada, sheikh wako ndiye wa kuulizwa. Kwa upande wa mazoezi, jenga uwezo huo kwa ngazi: sukuma ukuta, kisha sukuma meza nzito, kisha sakafu ukiwa umepiga magoti, na mwisho pushapu kamili. Usipande ngazi mpaka ile ya chini iwe nyepesi kwa wiki nzima.

Na hizo namba zako ndizo jibu la swali ulilokuja nalo. Kilo 7 kwa 11 ni kama asilimia 64. Kuvuta ndani uko karibu na 86. Misuli ya nyuma ya bega, inayozungusha mkono nje na kukishika kichwa cha mfupa kisikimbilie mbele, bado imelala. Ndoo haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu ndoo hubebwa mkono ukiwa chini na misuli mingine ndiyo inayofanya kazi. Fanya kuvuta nje kwa mpira wa baiskeli siku 3 kwa wiki, seti 3 za mara 12 hadi 15, polepole wakati wa kurudi, na upime tena baada ya wiki 4, usipime kila siku.

Mwalimu wa makipa, Chake Chake

Mwanangu, nimedaka miaka mingi na sasa nawafundisha vijana. Mwambie mwalimu wako, kwa heshima na ukiwa na daftari lako mkononi, kwamba mechi hiyo hutaicheza. Kilo 7 kwa 11 mwalimu yeyote ataielewa. Akiwa na mashaka, anipe nafasi nizungumze naye. Mimi mwenyewe nimewahi kumharakisha kijana, na bado linanikaa rohoni.

Lakini usikae nyumbani. Hapo ndipo makipa wengi wanapopotea, wanakaa miezi miwili wakirudi miguu imekuwa mizito na macho yamechelewa. Kimbia, fanya kazi ya miguu, piga mipira mirefu kwa mguu, kaa nyuma ya goli wakati wa mazoezi na uwapange mabeki kwa sauti. Kipa wa akiba mliyenaye, hata awe mshambuliaji aliyevishwa glavu, atahitaji macho yako.

Ukifika miezi 5 na vipimo vikakubali, na daktari akaridhia, anza kujirusha kwa mpango. Mimi huanza mchangani pwani, mchanga ukiwa na unyevu kidogo, kijana akiwa ameketi. Mpira unabingirishwa pembeni yake, anaufuata kwa ubavu. Wiki inayofuata anapiga magoti, halafu anachuchumaa, kisha anasimama, na kusimama kwenyewe huanzia mipira ya chini, kwa sababu kipa hujirusha juu kwa mguu na hutua kwa ubavu na paja. Anayetua kwa kiwiko au kwa mkono ulionyooka hakufundishwa, na nadhani ndivyo ulivyoumia skuli. Krosi zenye msukosuko ziwe za mwisho kabisa. Mara ya kwanza mtu akugonge kwa mto au begi la nguo wakati mkono uko juu, si kwa bega la mshambuliaji. Viwanja vyetu wakati wa kiangazi ni vigumu kama sakafu, hivyo usihame mchangani kwa haraka.

Kuhusu karafuu, hili mzee wako alisikie pia. Juu ya mkarafuu mkono mmoja umeshika shina na wa pili unavuta tawi kwa ngoe, na tawi likikuponyoka au mguu ukiteleza, mwili mzima unaning'inia kwenye bega moja. Hiyo ni hatari kubwa kuliko mechi, maana uwanjani bega likitoka unaanguka kutoka kimo chako, na juu ya mkarafuu unaanguka kutoka kimo cha nyumba. Msimu huu chukua kazi ya kuchambua na kuanika, na uchume yale matawi unayoyafikia ukiwa umesimama chini.

Kipa wa Wete

Nimezungumza na mwalimu jana baada ya Alasiri, na nimempa daftari alisome mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mizani ile inaweza kumpima na beki wetu wa kushoto, ambaye bega lake limetoka mara mbili mwaka huu na hajamwambia mtu. Mechi nitakuwa nyuma ya goli. Baba amekubali nibaki kwenye majamvi ya kuanikia. Nimeweka nafasi ya boti kwa wiki ya 18, nikapimwe ule mkao wa kurusha jiwe, na nikirudi nitaziandika hapa namba mpya, za kwangu na za beki wetu, In shaa Allah.